Wafula Hataona Karata Zangu

Leo nimeshinda poka bila karata yoyote ya maana!

Ni lanchi kiwandani, mtaa wa Baba Dogo. Tumebaki mimi na Wafula, fundi wa mashine.
Atakayeshindwa ataingia shifti ya Jumapili.
Na Jumapili binti yangu anabatizwa.

Wafula akiwa na karata nzuri hunyamaza. Leo alikuwa anabonga kama redio, nikajua hana kitu.
Shida ni kwamba hata mimi sikuwa na kitu.

Nikasukuma njiti zangu zote za kiberiti, ndizo pesa zetu za mchezo, katikati ya meza.
Akanikazia macho. Wasee, sikupepesa.
"Mama Neema, umeshika nini?"
"Weka zako zote utaona."
Akatupa karata, akakubali kushindwa.

Jioni akanifuata hadi geti: "Nionyeshe tu, nipate usingizi."
Nikamwambia alale hivyo hivyo.

Ama nimekuwa mbaya?