Dukati ya Merikebu

Miaka yangu ya mwisho Doha, Qatar, nilimwuguza mzee mmoja wa Al Rayyan aliyekuwa amebakiwa na nuru kidogo sana machoni. Alipenda sarafu za kale. Kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, nilimletea trei yake azipapase.

Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa dukati ya dhahabu kutoka Brandenburg, dola ya Kijerumani ya zamani. Ilikuwa nyepesi, hata ukiifumbata husikii uzito. Upande mmoja alichorwa mtawala mwenye nywele za bandia zilizomwagika mabegani, upande wa pili merikebu.

"Dhahabu yake ilitoka pwani ya Guinea," aliniambia. "Kwenu."

"Kwetu Tanga, baba," nilimjibu kwa Kiarabu changu cha jikoni. "Guinea hata sijui watu hufikaje."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini mimi jambo lile lilinikaa moyoni. Kuna mtu aliichimba dhahabu ile, na sura iliyowekwa juu yake si ya mchimbaji huyo.

Kisha mzee akapatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Alipokuwa amelazwa, mwanawe mkubwa, akidhani baba yake harudi tena, aliiuza dukati na kuweka sarafu nyingine mahali pake.

Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi nyumbani, mzee aliipapasa kwa kidole gumba cha kushoto.

"Hii siyo."

"Ndiyo yenyewe, baba," mwanawe akasema. "Mkono huo haujazoea." Huku ananitikisia kichwa ninyamaze.

Mzee akanigeuzia uso. "Binti, wewe unaona. Merikebu ipo?"

Kibali changu cha kukaa nchini kilikuwa mikononi mwa yule mwana.

"Haipo, baba."

Mwana akatoka. Jioni nilifungasha nguo zangu.

Asubuhi mwana alinikuta jikoni. Nilingoja habari ya tiketi ya kunirudisha kwetu.

"Baba amekula?"

"Amekula."

"Ameniulizia?"

"Ameuliza kama wewe umekula."

Akavuta kiti, akakaa, akajifunika uso kwa viganja. Nilimwekea chai na mkate. Kisha nikaenda kumleta mzee kwenye kiti chake cha magurudumu, nikamsogeza mezani karibu na mwanawe, nikatoka nje kuanika nguo.