Siku Saba za Kuwa Mgeni Newala

Nilizaliwa Mkunya, hukohuko upande wa Newala, juu uwandani, mahali ambapo mvua ikinyesha mchanga huyanywa maji yote na kutuachia vumbi. Maji yalikuwa bondeni. Tuliondoka jogoo wa pili anapowika, ngata kichwani na mtungi juu yake, tukateremka ukingo wa uwanda kwa visigino, na tuliporudi jua lilikuwa limekwisha kutuchoma shingo. Nilifanya hivyo tangu utoto hadi siku niliyoolewa. Usiandike kwamba tulikuwa tukiimba njiani. Wanaosema hivyo hawakubeba.

Niliolewa Chiwata, ambako kisima kilikuwa karibu. Mume wangu, babu yako, alikuwa seremala katika kazi za barabara upande wa Nanganga. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru. Mwaka mmoja msimamizi wake alimpa likizo ya siku kumi, jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwahi kusikika: mtu kulipwa naye amekaa. Mwaka huohuo binti wa dada yangu alitarajiwa kutoka unyagoni Newala. Babu yako akaniuliza ningependa tufikie wapi.

Nilimwambia sitaki kufikia kwa dada, kwa maana huko ningepewa mtungi kabla sijapewa kiti. Nilitaka niingie Newala kama mgeni, nilale katika nyumba ya kulipia, na nioge maji ambayo sikuyabeba. Sikuomba kanga wala bangili. Katika ndoa yetu, hadi siku ile, sikuwa nimemwomba jambo jingine.

Palikuwa na mfanyabiashara mmoja Newala aliyekuwa na nyumba mbili za kulaza wageni. Moja ilikuwa karibu na soko, yenye paa la bati na tangi kubwa la saruji lililokinga mvua za masika. Ya pili ilikuwa ya nyasi, nje ya mji, wala haikuwa na hata pipa. Babu yako alimpa dereva wa lori fedha azipeleke, na dereva akarudi na hati iliyoandikwa kwa mkono wa mfanyabiashara mwenyewe. Mimi sijui kusoma, na babu yako alijua tarakimu tu. Tuliipeleka kwa mwalimu wa misheni, akatusomea mara mbili: chumba katika nyumba ya tangi, siku saba. Niliikunja nikaifunga kwenye pindo la kanga, na tangu Masasi hadi Newala, juu ya magunia ya lori, sikuuondoa mkono wangu hapo.

Tulimkuta mwenye nyumba ameketi kwenye baraza ya nyumba ya tangi, tumbo limemtangulia.

"Shikamoo, mzee," babu yako alimwamkia.

"Marahaba. Karibuni, karibuni sana! Chumba chenu kiko tayari, ila kimehama kidogo."

"Chumba huhamaje?" niliuliza.

"Mama, amekuja karani wa serikali kutoka Lindi, yeye na mkewe. Mtu wa serikali nimwambie akalale kwenye nyasi?"

"Na sisi?"

"Nyinyi ni watu wa hukuhuku. Mmezoea."

Nyuma yake mke wa karani alikuwa akiosha sakafu kwa maji ya tangi, kopo baada ya kopo, na maji yakitiririka hadi uani na kupotea mchangani. Niliyatazama yakipotea. Babu yako alijikuna shingo, akasema tukalale huko tulikopelekwa, kesho tutazungumza na mzee kwa utaratibu. Tukaenda. Mlangoni mwa nyumba ile ya nyasi palikuwa na mtungi mmoja, na ndani yake buibui.

Sasa nifike mahali nilipokosea, wala simsingizii mtu. Jogoo alipowika niliamka kama nilivyoamka maisha yangu yote. Nikauona mtungi mtupu, na miguu yangu ikashika njia ya bondeni kabla akili yangu haijaamka. Niliporudi nilimpa babu yako maji ya kunawa, nikakoka moto, nikabandika uji. Nilipoketi ndipo nilipohisi kanga imenilowa mabegani.

Asubuhi hiyohiyo tulikwenda kwenye baraza la wazee wa soko, waliokuwa wakiamua magomvi ya wauzaji na wanunuzi. Mzee aliyeongoza alituuliza tunataka nini. Babu yako alisema arudishiwe fedha.

"Fedha abaki nazo," nilisema. "Mimi nataka siku zangu saba. Kama hawezi kumtoa karani, basi watu wa nyumbani kwake wanichotee maji bondeni siku saba, wanifikishie mlangoni. Hiyo ndiyo fidia yangu."

Watu walicheka.

"Atamtuma mke mkubwa au mdogo?" mmoja aliuliza.

"Aende mwenyewe!" mwanamke mmoja muuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, alijibu. "Tumbo lile likapungue ukingoni."

Hati ilisomwa. Maneno yalikuwa yaleyale aliyoyasoma mwalimu wa misheni, na mwenye nyumba hakuyakana. Nikawaona wazee wakitikisa vichwa kwa kukubali, nikajua tumeshinda. Ndipo mwenye nyumba aliposimama.

"Wazee wangu, nina swali moja tu kwa mama huyu. Leo asubuhi nyumba niliyowapa ilikuwa na maji?"

"Yalikuwapo," nilisema.

"Aliyachota nani?"

Hapo hakuna aliyecheka. Kwetu mgeni hashiki mtungi. Bibi harusi mwenyewe husubiriwa: asubuhi atakayokwenda kuchota maji bila kutumwa, ndiyo asubuhi atakayohesabiwa mtu wa nyumba ile, na kuanzia hapo halalamiki tena juu ya ukuta wala paa. Hata yule muuza ming'oko aliinamisha uso. Nilijua jambo hilo kabla sijaota meno ya ukubwani.

"Mimi," nilisema.

"Mama," mzee wa baraza aliniambia, tena kwa upole, "umechota, umekoka moto, umepika. Nyumba umeikubali."

"Nilikuta mtungi mtupu na mume mwenye kiu. Ningemngoja nani?"

"Ungengoja."

Nilimtazama babu yako. Ilimpasa aseme neno moja tu: kwamba maji yale yalikuwa yake, nilimchotea yeye wala sikuichotea nyumba. Wazee wangelisikia neno la mwanamume. Yeye alikuwa akiitazama kofia yake aliyoipakata, akiigeuza na kuigeuza kana kwamba imeandikwa kitu.

Mwenye nyumba, alipokwisha kushinda, akawa mkarimu. Aliagiza debe moja la maji ya tangi tupelekewe. "Si fidia," alisema ili kila mtu asikie. "Ni hisani."

"Tusiyapokee," nilimwambia babu yako njiani.

"Maji ni maji, mama watoto."

Akayaoga. Nilikaa mlangoni, miguu imejaa vumbi, nikilisikia kila kopo analojimwagia nyuma ya nyumba. Kisha akaniita nimpelekee sabuni, nami nikampelekea.

Siku sita zilizobaki nilishuka bondeni kila alfajiri, kwa kuwa sasa nilikuwa mwenyeji. Siku mwali alipotolewa, dada yangu alinitazama kuanzia chini kwenda juu mbele ya wanawake wote. "Eti mwenzetu amefikia nyumba ya kulipia! Mbona miguu yako ina udongo wa bondeni?" Wakacheka, nami nikapiga vigelegele pamoja nao, maana binti hakuwa na kosa.

Niliishi na babu yako hadi nilipomzika, na neno lile hakulisema hata siku moja. Watu husifu kwamba hatukuwahi kugombana. Ni kweli, hatukugombana.

Sasa mama yako hununa nikija kwenu nikakaa siku tatu bila kuigusa ndoo, hali bomba liko uani, hatua kumi. Nimemsikia akisema bibi ana kiburi. Ukimaliza kuandika, mpelekee umsomee yote, usiruke neno. Kisha uniletee maji ya kuoga.