Sauti ya Pili Kutoka Chini ya Kitanda

Mwalimu wa kwaya alisema wanawake wa sauti ya pili wasipoujua wimbo mpya kufikia Alhamisi, utaondolewa, na kwaya itaimba ule wa kila mwaka. Wimbo huo mpya mama yangu ndiye aliyeutunga. Nyumbani nilimwona mama akisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Wenzake hao wa sauti ya pili hufanya kazi mpaka jioni, wengine Kiamaiko kwenye machinjio ya mbuzi, wengine Majengo, na simu zao zimejaa. Ukiwatumia wimbo, hauna pa kukaa. Basi nikamrekodi mama akiimba sauti hiyo, nikauweka kwenye kompyuta yangu yenye mfumo wa Linux, ile kuukuu niliyonunua Kariobangi na ambayo hukaa chini ya kitanda. Wangeusikiliza kutoka kwangu kupitia intaneti bila kuhifadhi chochote.

Kijana anayetuuzia intaneti alikuwa ameshatupa anwani yetu wenyewe ya mtandaoni, isiyotumiwa na mteja mwingine. Nilimwomba kwa ujumbe, maana kuongea na watu hunitoa jasho. Jumatatu nikaingia kwenye rauta, kile kifaa kinachotugawia intaneti. Rauta ni kama askari wa geti la ploti tunamopanga: mgeni asiyetarajiwa humrudisha. Nikaiagiza kwamba yeyote atakayeulizia mlango namba 8080 apelekwe moja kwa moja kwenye kompyuta yangu. Kwa pupa nikawatumia wanawake ile anwani kabla ya kuijaribu.

Kisha nikaijaribu kwa simu yangu, nikiwa nimeketi pale pale kitandani. Haikufunguka. Jumanne nzima nilisoma tarakimu za rauta moja moja, na zote zilikuwa sawa. Jumatano asubuhi nikamwomba mama awaambie wenzake kwamba nimeshindwa.

"Waambie mwenyewe," akasema, akanipa simu yake.

Nikampigia mmoja wao, rafiki yake anayeuza matumbo Kiamaiko. Maneno nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi, nikayasoma: naomba radhi, wimbo umekataa.

"Umekataa wapi, mwanangu? Mimi nausikiliza tangu juzi. Hata hawa mbuzi wanajua sauti ya pili."

Nyuma yake mbuzi walikuwa wakilia kweli.

Nikafungua orodha ambamo kompyuta huandika kila anayeingia. Mistari ilijaa skrini, tangu Jumatatu jioni. Ndipo nikaelewa. Rauta yetu hujua kumwelekeza anayekuja kutoka nje tu, na mimi siku zote hizo nilikuwa nikigonga geti nikiwa ndani ya ploti. Nikazima waifai, nikatumia bando la simu ili nije kutoka nje. Mama akaanza kuimba mkononi mwangu.

Alhamisi, kwenye mazoezi ya kwaya, nilikaa benchi la nyuma kabisa. Mwalimu aliwasimamisha wale wanawake peke yao. Waliimba mpaka mwisho bila karatasi. Pale mama alipokohoa kwenye rekodi, wote walinyamaza kidogo kwa pamoja, kisha wakaendelea, kana kwamba ndivyo ulivyotungwa.

"Wimbo unabaki," mwalimu akasema.

Mama akageuka kunitafuta kule nyuma. Wengine nao wakageuka. Safari hii sikuinamisha kichwa.