Kidonda Kisichouma

Sikuipenda safari ile tangu mwanzo, na nasema mapema ili msomaji asije akanidhania shujaa. Mimi ni mtaalamu wa maabara mjini Migori. Kazi yangu ni darubini na vichupa, si matanga ya watu. Lakini Sista Risper, muuguzi wa zahanati moja vilimani nyuma ya Kendu Bay, alimpigia simu mkuu wangu, naye akanipa simu nisikie mwenyewe.

"Wanaume wenye walichimba kaburi ya Mzee Ogutu wanatoka vidonda nyeusi," alisema. "Mmoja amekufa, Onyango, mtoto wa Okelo. Okelo ni ndugu ya marehemu. Sasa watu wanasema Ogutu anaita wachimbaji wake, na mjane ndiye anamtuma. Watamfukuza kwa boma."

"Huna dawa?"

"Dawa ninayo! Wanakataa. Wanasema dawa ya hospitali haiwezi mkono ya maiti. Nataka kitu wataona na macho. Kuja haraka."

Migori, kabla sijaondoka, nilipakia sanduku la baridi. Ndani mlikuwa na kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, nacho kilinitia woga kuliko hata matanga. Kuna virusi ambavyo havina habari na binadamu wala ng'ombe. Chakula chao ni bakteria. Kila aina ina bakteria wake, nayo humtambua kwa protini iliyo mkiani, kama kupe ajuavyo pa kushika kwenye sikio la ng'ombe. Wataalamu wamejifunza kutengeneza protini ile peke yake, bila kirusi chenyewe, na kuiunganisha na nyingine inayong'aa nyekundu. Ukiidondosha kwenye majimaji ya kidonda, humshika bakteria wake na kuwaacha wengine wote. Kwa hiyo nilikuwa nimebeba mkono wa mwindaji asiyekuwepo, na mkono huo bado unawinda. Wenzangu walicheka niliposema hivyo, nami nikawasha gari.

Rongo niliipita bila kusimama. Homa Bay nilishuka kununua barafu kwa mwanamume anayewauzia wachuuzi wa samaki. Alikuwa mcheshi, akanitania kwamba Mkuria akinunua barafu basi dunia imepinduka, kwa sababu kwetu tunajua maziwa tu. Kisha akaniuliza ninakoelekea, nikamtajia kijiji. Aliweka barafu chini, akarudi nyuma hatua.

"Huko wachimba kaburi wanakufa," alisema. "Okota mwenyewe, dada."

Kendu Bay ilikuwa nyuma yangu nilipoanza kupanda kilima. Ziwa lilionekana kwenye kioo, limetulia, halafu likapotea. Barabara ikawa ya udongo mwekundu, na nyumba zilikuwa na watu, maana moshi ulikuwa ukitoka jikoni, lakini hakuna aliyekuja mlangoni kuangalia gari la kigeni. Mimi nimekulia kijijini. Gari likipita na watu wasitoke kuliangalia, jua kuna jambo. Nilifunga vioo ingawa joto lilikuwa kali.

Zahanati ilikuwa vyumba viwili na veranda. Sista Risper, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, alinikaribisha kwa chai kabla ya neno lolote, kisha akaniita chumba cha ndani alikolala Odhiambo, mchoma matofali, mmoja wa wachimbaji, aliyekubali kitanda lakini si dawa. Mkono wake ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko. Juu ya kifundo palikuwa na kidonda cheusi tititi, kimezungukwa na malengelenge, kama mtu aliyebandikwa kaa la moto. Odhiambo alikibonyeza kwa kidole mbele yangu, akacheka kidogo.

"Unaona, daktari? Haiumi. Hata kidogo. Hiyo ndiyo inanipatia hofu. Mkono ni kama si yangu tena."

Mimi si daktari, lakini si wakati wa kumsahihisha mtu. Nilimuuliza walichokutana nacho walipochimba.

"Mifupa ya ng'ombe, mingi. Mifupa na nywele. Onyango akasema tuhame. Lakini kaburi ikishaanzwa haiachwi hivyo. Ukiiacha wazi itaitisha mtu mwingine. Wazee wakasema tuendelee, tukaendelea." Aliutazama mkono wake. "Na bado imeitisha."

Nilivaa glavu na barakoa, nikachukua majimaji ya lengelenge, nikayapaka kwenye kioo. Kioo cha pili nilikipaka usaha wa jipu la kawaida la mgonjwa mwingine, ili protini yangu ijaribiwe kote kuwili. Stoo ya zahanati haikuwa na giza la kutosha, basi nilijifunika blanketi mimi na darubini yangu ya taa. Kioo cha jipu kilikuwa giza tupu. Nikaweka cha Odhiambo. Mwanzo sikuona kitu. Kisha, macho yalipozoea, vikatokea vijiti vyekundu, vimeungana mwisho kwa mwisho mnyororo kwa mnyororo, vinang'aa ndani ya ule weusi, vimetulia. Nilijua ni nini, nilikuwa nimekuja kukitafuta, na bado nilitaka kutupa blanketi nikimbie.

"Ni kimeta," nilimwambia Sista.

"Nilijua," alisema. "Sasa mwonyeshe."

Odhiambo alikaa kwenye stuli, tukamfunika blanketi. Alipotoka alikuwa akitokwa jasho. Aliuliza kama vile vijiti viko ndani yake sasa hivi, nikasema ndiyo, na kwamba dawa ya Sista inaviua. Alinyoosha mkono mzima, ule usio na kidonda, akapokea vidonge na kuvimeza bila maji.

Boma la Mzee Ogutu tulilifikia jua likianza kuinama. Turubai la matanga lilikuwa bado limesimama, na chini yake wamekaa wanaume. Nje ya zizi ng'ombe watatu walikuwa wamekufa, matumbo yamejaa, damu nyeusi inatiririka puani na haigandi. Sista aliniambia ndio waliokimbizwa siku ya tero buru, ile desturi ya kukifukuza kifo kwa nyimbo na vumbi la mifugo. Walirudishwa wakakanyaga udongo uliotoka kaburini, wakala majani yaliyomwagikiwa nao. Kaburi lilikuwa upande wa kulia wa nyumba, mahali panapompasa mwenye boma. Kila mahali pengine majani yalikuwa yamekauka. Kulizunguka kaburi yalikuwa mabichi, mazito, ya kijani kilichoiva. Nilipopiga hatua kulikaribia, sauti ikatoka nyuma ya nyumba.

"Usikanyage hapo, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya Mama Atieno, mjane. Alikuwa amekaa peke yake kwenye mkeka, kitambaa kichwani, na furushi lake la nguo limeshafungwa.

Chini ya turubai nilieleza niliyoyaona: kwamba ni ugonjwa wa mifugo, kwamba mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi zikingoja, kwamba waliochimba waligusa mifupa ya ng'ombe waliouawa nao. Okelo, mzee mrefu mwenye koti jeusi, alinisikiliza bila kupepesa. Alikuwa baba aliyefiwa, na nilimwonea huruma.

"Sawa. Ni mdudu," alisema. "Lakini huyu mama alikataa ile mahali. Sisi wote tulisema hapo, yeye akasema si hapo. Alijuaje? Mwenye alijua ndiye aliweka."

Watu waliguna kukubali. Nilitazama majani yale mabichi na nikaona kwamba darubini yangu imefika mwisho wa kazi yake. Swali la Okelo halikuwa na jibu kwenye kioo.

Mama Atieno alikuja polepole, akasimama nje ya kivuli.

"Ni mimi," alisema. "Zile dume za jembe tuliwaambia tumeuza soko, zilikufa. Nikazizika hapo. Ogutu alikuwa safari. Nilizika mimi peke yangu."

"Dume nne?" mtu mmoja aliuliza. "Wewe mwanamke mmoja?"

"Mimi peke yangu."

Nilisikia nzi kule zizini. Mwanamke yule alikuwa anakubali kupoteza boma ili jina la mumewe libaki safi, na kila mtu mwenye akili pale alijua kwamba dume la jembe haliburutwi na mtu mmoja. Ndipo Okelo akasimama. Alishika nguzo ya turubai.

"Wacha, Mama Atieno. Wacha." Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Ndugu yangu alishika pembe. Mimi nilishika miguu ya nyuma. Huyu alitubebea taa, na alilia tuite watu wa mifugo. Tukamwambia wakijua watafunga soko. Tukamwapisha." Alitazama kaburi. "Nilidhani mifupa imekuwa udongo. Mtoto wangu alikuwa ndani ya shimo, akainua kichwa akaniuliza, 'Baba, tuhame?' Nikamwambia, 'Chimba.'"

Mama Atieno alikwenda akamshika mkono, akamkalisha. Sikuwa na la kufanya nikalia.

Asubuhi iliyofuata wachimbaji wote waliobaki walikuwa kwenye veranda ya Sista Risper wakingoja vidonge, na maofisa wa mifugo wakaja kuchanja na kuzungushia kaburi ua. Mama Atieno alikuwa amefungua furushi lake, nguo zimeanikwa kwenye kamba. Nilipokuwa napakia gari Okelo alikuja na mfuko wa udongo, amevaa glavu za Sista.

"Hii imetoka mahali nimechagulia Onyango," alisema. "Mwili wamefunga kwa mfuko, hatufungui. Lakini nipimie hii kwanza. Sitachimba kabla uniambie."

Nilimwambia itachukua siku, maana mbegu lazima zioteshwe ndipo protini izishike. Akasema atangoja.

Homa Bay sikusimama. Njia nzima niliwaza kwamba nilikwenda nikijiona mwenye elimu naenda kuwatoa watu ujinga. Walisema maiti ana mkono katika vifo vile, na kweli alikuwa nao. Kosa lao lilikuwa moja tu, kumdai aliyefungwa mdomo badala ya aliyemfunga. Hilo ndilo nililojifunza, na tangu hapo siwacheki watu wanaponiambia kaburi linaita. Nawauliza nini kimezikwa.

Migori, udongo ulipokwisha kuoteshwa, nilijifunika tena blanketi. Nilitazama kioo cha kwanza, cha pili, vyote. Nilikaa mle muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikiogopa kuona wekundu. Hapakuwa na kitu. Sijawahi kulifurahia giza kiasi kile. Nilimpigia Okelo, nikamwambia udongo ni safi.

"Ero kamano, nyara," alisema. Asante, binti yangu. "Basi sasa naweza kumlaza mtoto."