Mstari Walioniambia Niuruke

Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, kazi yangu hapa Masasi ilikuwa kunakili ukoo wa watu wasionihusu ndewe wala sikio. Mwajiri wangu alikuwa mwalimu wa kike kutoka Marekani, nami nilisifiwa mwandiko. Alikuwa akimtafuta bibi yake wa kale, mmoja wa wanawake wa kwanza wa Kizungu kuhamia kwao. Barua zilikuja kwa meli, nami nikajaza karatasi kubwa kama mkeka: baba wa fulani, babu wa fulani. Wanaume watupu! Mama wa yule bibi hakutajwa popote. Kwetu mtu huhesabiwa kwa mama, kwa hiyo nilimwonea huruma.

Nilikuwa na sababu. Bibi yangu mzaa mama alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa akiwa mtoto, akakombolewa na kuletwa Masasi bila kuujua ukoo wa mama yake. Kila tulipopanda Newala msibani, wazee walituuliza, "Ninyi ni wa ukoo gani?" Tulikosa jibu, tukakalishwa pembeni pamoja na wageni. Nikikumbuka, hasira inanipanda hadi leo.

Siku moja ikaja nakala ya wosia wa yule bibi wa Marekani. Alirithisha kitanda, ng'ombe wawili, sufuria ya shaba, na msichana mmoja mweusi. Baada ya sufuria, jamani!

"Mstari huo uruke," memsahibu aliniambia. "Huyo hakuwa wa ukoo wetu."

"Alikuwa wa ukoo gani, basi?"

"Haijulikani. Hakuna la kuandika."

Damu ilinichemka. Nilikuwa nimemwandikia hadi vichanga wao waliokufa bila kupewa jina! Alipokwenda darasani nilichovya kalamu, nikamwandika yule msichana. Kutoka kwake nikachora mstari wa kupanda juu, na mwisho wa mstari kisanduku kitupu.

Aliporudi alishika kifutio, akasugua mpaka karatasi ikachanika kidogo. Wino ulibaki. Alinifukuza kabla ya kengele ya mchana, nami sikuomba radhi.

Nyumbani Lisekese nilimkuta bibi yangu akibangua korosho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona mapema?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza, jiwe likiwa mkononi.

"Na mama yake huyo msichana, ulimwandika?"

"Simjui, bibi. Nimemwachia nafasi yake."

"Mama yangu mimi hakuna aliyemwachia," alisema, akaendelea kubangua.