Mshonaji wa Vitambaa vya Bluu

Mshonaji wa mtaa wa bandarini, mjini St. John's, kisiwani Newfoundland, alizungumza huku pini zikiwa midomoni, na kila nguo aliipapasa kwanza kwa mgongo wa mkono, kama mama apimaye homa ya mwanawe. Leander Piercey, aliyerudi kutoka vitani Ufaransa akichechemea, alimtazama akimpunguzia suruali. Huyu ndiye aliyewashonea vijana wa kwanza wa Newfoundland waliokwenda kumpigania Mfalme vile vitambaa vya kuzungushia miguu. Alivishona kwa rangi ya bluu, kwa kuwa kaki haikupatikana kisiwani, na aibu ile haikumtoka.

“Waingereza waliwacheka?” aliuliza bila kuinua macho.

“Walitucheka, mama. Eti tumevaa soksi za bibi zetu.”

Mkono wake ukasimama.

“Lakini kutwa walituita Wakanada, nasi si Wakanada; tukiinua miguu tu, walijua sisi ni watu wa wapi. Hata kaki ilipofika, tulibaki na jina la Miguu ya Bluu. Nimekuja kushukuru, kwa nafsi yangu na kwa niaba ya wenzangu waliozikwa kule.”

“Kaki ilikosekana, mwanangu,” alisema polepole. “Nilizunguka maduka yote.”

“Tunashukuru ilikosekana.”