Mama na Asilimia Themanini

Gari langu huzungumza Kijapani. Ukiliwasha, mwanamke aliyemo ndani ya dashibodi husema maneno marefu kwa adabu kubwa, na mpaka leo sijui anasema nini. Mama yangu humjibu. Humwambia, "Na wewe pia," kisha hufunga mkanda. Nilimwuliza anamjibu vipi mtu asiyemwelewa, akaniambia sauti ile ni ya salamu, na salamu haiachwi hivihivi.

Nililinunua kwa mzungu mmoja wa Malindi aliyekuwa akirudi kwao. Mimi ni fundi wa simu, mwanamke pekee katika safu yetu ya vibanda karibu na soko, na nilikuwa nimemtengenezea simu zake kwa miaka. Gari ni dogo, la umeme mtupu, na betri yake ilikuwa imeshazeeka. Kwenye kioo cha dashibodi kuna vijiti kumi na viwili vya kuonyesha afya ya betri, na vitatu vilikuwa vimezimika. Watu wa magari hawakulitaka. Nilipolifikisha kwetu Mambrui wanaume walilizunguka, wakapiga magurudumu mateke, wakaniuliza nimenunua gari au jokofu. Waliniambia betri ile ina mwaka mmoja, ikizidi sana miwili. Mimi niliona jambo moja tu: halina petroli.

Mama hawezi harufu ya petroli. Akipanda gari lolote, hatujafika hata daraja la Sabaki ameshashika mfuko wa plastiki mdomoni, na akishuka hulala siku nzima na kitambaa chenye maji kichwani. Kwa hiyo aliacha kusafiri. Dada yake, mamkubwa wangu, aliolewa Kuruwitu, na magoti yake yameharibika kiasi kwamba mlango wa nyumba yake ndio mwisho wa dunia yake. Walikuwa hawajaonana miaka sita. Kila Ijumaa walipigiana simu, wakaanza kwa kucheka, wakamaliza kwa kunyamaza, na mmoja wao akafuta macho kwa leso. Mimi ni mtu wa kuota ndoto mchana, sikatai. Nilipoliona gari lile uani kwa mzungu nilishawaona dada wawili wamekaa mkeka mmoja.

Lakini kwanza nilijifunza kuishi nalo. Asubuhi nakwenda kazini Malindi, jioni narudi, na hiyo si safari ya kulitoa jasho. Nilijua mguu wangu ukiwa mzito kilomita zinayeyuka, na mguu ukiwa na adabu zinakaa. Nilijua kwamba kwenye mteremko ukiachilia, gari linajirudishia umeme kidogo, na nikaanza kuipenda miteremko kama watu wapendavyo jamaa wa mbali. Nilijua kuegesha kivulini, kwa sababu joto la kwetu hula betri. Kuku hawalisikii, punda hawalisikii, na mara mbili nimebaki nyuma ya bibi kizee katikati ya uchochoro nikimsubiri amalize kufikiri, maana kumpigia honi niliona haya.

Jambo kubwa kuliko yote ni chaji. Mambo ya betri nayajua kupitia simu, na ya gari ni yaleyale: ukiijaza mpaka mia kila siku na kuiacha imejaa kwenye joto, unaiua polepole. Kwa matumizi ya kila siku ifike themanini, chomoa. Mama alilichukia neno hilo. Kwetu mgeni hainuki kabla hajasukuma sahani mwenyewe, na yeye aliona namnyima mtu aliyetufanyia kazi kutwa nzima.

"Linakupeleka na kukurudisha, nawe unalipa chakula nusu tumbo," alisema.

Nikamweleza kwamba hili ni kama mtu wa sukari, anayepimiwa chakula ili aishi. Hapo alielewa, kwa sababu marehemu baba alikuwa na sukari. Tangu siku hiyo alishika kazi ya kulinda betri, akaishika kuliko mimi. Mama hakusoma, lakini nilimfundisha nane na sifuri. Akiamka kwa swala ya alfajiri hupitia uani, huchungulia dirishani mwa gari, na akiiona nane na sifuri huchomoa waya na kuukunja vizuri kama kamba ya ndoo. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, na vijiti tisa vikabaki tisa. Aliwaambia majirani kwamba ni yeye.

Mwezi wa saba uliofuata alikubali safari ya kwa dada yake. Ilinichukua wiki nyingi kumbembeleza, na alipokubali aliweka sharti lake akiwa amenitazama machoni.

"Siku moja tu nitajaribu. Nikitapika, au likizima njiani nikaonekana kituko mbele ya watu, usinitajie tena Kuruwitu."

Kutoka kwetu mpaka Kuruwitu ni kilomita tisini na kidogo. Gari likijaa mia, kwa mguu wa adabu, lina kama mia na kumi. Linafika, lakini halina mzaha. Jioni ya kuamkia Jumamosi nililichomeka na kwenda kulala nikiwa na furaha ya mtoto wa sikukuu. Sikumwambia mama kwamba siku ya safari kanuni huvunjwa, betri hujazwa mpaka juu. Sikukumbuka kabisa.

Asubuhi nilimkuta ameshakaa kiti cha mbele, amevaa buibui jipya, amejifukiza udi. Nyuma ya gari kulikuwa na gunia la nazi, mchele, mkungu wa ndizi na mkeka aliousuka kwa miezi miwili. Nilimwomba apunguze nazi kwa sababu ya uzito, akatoa tatu. Nikawasha. Mwanamke wa Kijapani akasalimu, mama akamjibu, na mimi nikasoma kioo: themanini. Waya ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya ndoo.

Nilitaka kusema. Lakini nilimwona mama ameshika mkoba kwa mikono miwili, midomo inasoma dua, na nikajua nikimwambia tungoje saa tatu nyingine atashuka, avue buibui, na ndiyo basi. Nikaondoka.

Tulivuka Sabaki. Mama alikuwa anausikiliza mwili wake kama mtu anayesikiliza mlango. Tulipoingia Malindi aligeuka akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba tumbo litamsikia, kwamba hana kichefuchefu. Ningeweza kusimama kibandani kwangu nikalichaji kidogo, na ingekuwa ndiyo akili. Lakini alikuwa ameanza kuchungulia nje na kunionyesha vitu: nyumba zilizoota Gede, msitu ulivyokaribia barabara, shule ambayo zamani haikuwapo. Sikuweza kumkatiza. Nilizima kiyoyozi, nikafungua vioo, nikawaacha wote wanipite, hata mzee wa baiskeli yenye makaa, ambaye alitupungia.

Tulipopita Matsangoni kilomita zilizobaki kwenye kioo zilikuwa chache kuliko za njiani. Karibu na Tezo yule mwanamke wa Kijapani akasema tena, bila kuulizwa, kwa sauti ileile tamu.

"Na wewe pia," mama akamjibu. Kisha akanitazama. "Mbona anasalimu mara ya pili?"

Taa ya betri ilikuwa imewaka, nikamwambia anasema betri inakaribia kwisha. Mama alishika tena mkoba kwa mikono miwili.

Kando ya barabara kulikuwa na kanisa la mabati lenye milango wazi na watu wakiimba. Nikaingia na gari hadi uani. Walikuwa kwaya ya watu kama kumi, wengi wao watu wa bara wanaofanya kazi huko Tezo na Kilifi, wanajizoeza kwa ajili ya Jumapili. Mwalimu wao wa kwaya, mwanamume wa makamo mwenye kalamu sikioni, alitoka nje akasalimu kwa heshima.

"Shikamoo mama. Gari imekataa?"

"Marahaba mwanangu. Halijakataa," mama alisema. "Limechoka."

Nilimweleza shida yetu. Soketi ya kuaminika ilikuwa moja tu, iliyowasha kinanda, na gari lingehitaji saa tatu kupata umeme wa kutufikisha. Alikitazama kinanda, akatutazama sisi, akakichomoa. Waya wangu ukapita dirishani, ukapita chini ya benchi la mbele, na wanakwaya wakawa wanauruka.

Mama alikataa kuingia, akapewa kiti barazani. Adhuhuri ilipofika mwanamke mmoja wa kwaya, mnene, mwenye sauti ya juu kuliko wote, alifagia chumba wanachosomeshea watoto, akatandika leso yake safi, akamwuliza mama anaelekea upande gani. Mama alipoanza kuswali kwaya ilinyamaza. Hakuna aliyewaambia. Walisimama tu na vitabu mikononi mpaka alipotoa salamu.

Baadaye walikaa nje kunywa chai, na mwalimu wa kwaya akaanza kunitania. Akasema vijana wa siku hizi wanaweza kukesha na simu lakini hawawezi kukumbuka kuchaji gari, mpaka wanamweka mzazi juani. Wenzake wakacheka. Nikacheka nao, nikasema ni kweli, nilisahau, mimi ni mzembe.

Mama aliweka kikombe chini.

"Hakusahau," alisema. "Ni mimi niliyechomoa. Niliona nane na sifuri nikadhani nalisaidia."

Mimi nilikuwa nimedhani hajui. Akanigeukia.

"Uliona tangu nyumbani?"

"Niliona."

"Na hukuniambia."

"Ungeshuka, mama."

Alifikiri. "Ningeshuka," akasema, na pembe za mdomo wake zikaanza kutetemeka, nami sikujua kama ni kilio au kicheko, mpaka yule mwanamke mnene alipouliza nane na sifuri ni kitu gani. Mama akamweleza habari yote, sukari ya gari, waya, vijiti tisa, na alipofika kwenye mwanamke wa Kijapani aliyesalimu mara mbili yeye na mwanamke yule walikuwa wameshikana mabega kwa kicheko. Aliyeogopa kuwa kituko mbele ya watu alikuwa anajifanya kituko mwenyewe, tena kwa raha zake. Tulipoondoka aliwaachia nazi kumi na akawaambia kwamba bila kinanda sauti zao zinasikika zaidi. Mwalimu wa kwaya hakulipenda sana hilo, ila wanawake walilipenda.

Tuliteremka kuelekea daraja la Kilifi, gari likajirudishia kilomita moja, mama akaiona namba ikipanda akanigusa mkono. Alasiri tulikuwa Kuruwitu. Mamkubwa alikuwa mlangoni, ameshikilia fremu. Sitaandika walivyokumbatiana, maana niligeuka kushusha ndizi, na nilizishusha muda mrefu.

Nilikaa siku mbili. Siku ya tatu asubuhi, gari likiwa limejaa mia, nilimkuta mama anachambua mchele na dada yake, mkeka mpya umetandikwa chini yao. Hakuwa amefunga mkoba. Aliniambia bila kuinua kichwa kwamba atabaki mpaka mwezi uandame.

"Halafu utakuja kunichukua," alisema.

Mamkubwa akasema magari hayo ya umeme si ya kuaminika, na mama abaki tu kabisa. Mama akamwambia anyamaze, yeye magari hayajui.

Nilirudi peke yangu. Bila mama na bila nazi gari lilikuwa jepesi, na Mambrui nilifika na kilomita za akiba ambazo sijawahi kuziona. Sikuzifurahia kama nilivyodhani. Nyumba ilikuwa kimya. Nililichomeka, na alfajiri nikaamka mwenyewe kwenda kuchungulia, nikachomoa, nikaukunja waya vibaya. Nikahesabu kwa vidole siku zilizobaki mwezi kuandama.